Kuvua manifoldi ya injekta (paipu za kuingizia hewa kwenye silinda), Porsche 911 SC
Wenye 911 SC hapa Mombasa, anzeni na waya hasi wa betri. K-Jetronic, mfumo wa gari hili wa kupulizia petroli, ina akumuleta inayoshika presha ya petroli hata injini ikizimwa, kwa hiyo funika nati ya paipu kwa kitambaa, legeza polepole kwa spana mbili.

Nati za manifoldi ni 12, mbili kila silinda, za spana namba 13. Chumvi ya bahari huzigandisha. Pulizia dawa ya kutu jioni, fungua asubuhi. Za ndani ni balaa! Ikidondoka moja kwenye tundu la hewa la silinda, yaishia kwenye valvu. Manifoldi ikitoka tu, ziba matundu yote sita.

Gaskiti kuukuu tupa. Zikivujisha, hewa inayopenya hapo haipimwi, petroli inakuwa kidogo na injini inatetemeka gari likisimama.