Safu ya Nne ya Daftari

Kampeni za urais zilipoanza Novemba 2020, nilikuwa nikifundisha Kiswahili mjini Jinja, Uganda, na kwa kuwa ni madarasa ya watahiniwa tu yaliyokuwa yamefunguliwa baada ya korona, kidato cha sita kilinipa nafasi ya kujaribu jambo. Wagombea walikuwa 11. Kila wanafunzi wawili walipewa mgombea mmoja wa kumfuatilia redioni, magazetini na mtandaoni; kwa mtandao tulitegemea kompyuta yangu, maana simu kwa wanafunzi zilikuwa marufuku.

Sikuwaomba maoni. Nilitaka daftari lenye safu nne: nani amesema, wapi, lini, na nani mwingine ameshuhudia. Hiyo ya nne ndiyo iliyotutoa jasho.

Tarehe 18 Novemba mgombea wa upinzani Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alikamatwa Luuka, huku huku Busoga, akidaiwa kukiuka masharti ya korona yaliyoruhusu watu wasiozidi 200 mkutanoni, kisha akaletwa kituo cha polisi cha Nalufenya, hapa Jinja. Redio zilitangaza, magazeti yakafuata kesho yake, lakini picha za mtandaoni zilikuwa zimekwisha kuwatangulia wote. Moja, ya umati mkubwa, ilimaliza kipindi kizima, mpaka binti mmoja aliponyoosha kidole kwenye bango lililoonekana kwa mbali: lilikuwa la Kizza Besigye, ambaye safari hiyo hakugombea. Tulipoitafuta, tukaikuta katika habari za mwaka 2016. (Nami, nakiri, nilikuwa nimeisambaza asubuhi ile.)

Ilani tulizipitia upesi. Niliwataka tu waziandike ahadi kwa Kiswahili chepesi, na ahadi isiyo na mwaka wala kiasi cha fedha ikajianika yenyewe.

Januari 2021 Facebook ilifungwa siku mbili kabla ya kura, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, isirudi hadi tarehe 18. Nilipoyakusanya madaftari baadaye, mengi yalikuwa na kurasa tupu za siku hizo. Wawili waliopewa mgombea asiyetajwa sana mtandaoni, ambao mwanzoni walinilalamikia kwamba nimewaonea, ndio waliojaza zao zote, kwa sababu walikuwa wamezoea redio tangu siku ya kwanza. Chini ya tarehe 14, katika safu ya nne, waliandika: «Redio ya jirani, saa mbili usiku. Ya kwetu betri zimekwisha.»