Dola 350, umeme wa Katuba na kadi moja ya picha

Ukitaka kuboresha kompyuta ya michezo hapa Lubumbashi, kadi ya picha iweke kando kwanza. Anzia ukutani, pale unapochomeka waya. Kazi yangu ni kutengeneza inveta na kufufua betri huku Katuba, na kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa maiti hazikuuawa na mchezo mzito. Ziliuawa na umeme uliokatika kutwa nzima, kisha usiku ukarudi kwa kishindo.

Mashine yangu ni ya kawaida: prosesa ya Ryzen 5 2600 iliyotoka 2018, madabodi (bodi kuu) ya B450, kijiti kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda, cha GB 8, diski ngumu inayokoroma kama mzee aliyeshiba, na kadi ya GTX 1050 Ti yenye GB 4. Kadi hiyo sina ugomvi nayo. Inakula wati 75 tu na inazichota zote kwenye madabodi, haiombi hata waya wake. Ila ni ya 2016, na mdogo wangu akifungua mchezo mpya wa mpira, wachezaji wanakimbia kwa kwikwi. Nikatenga dola 350. Mama watoto akaongeza sharti lake: hadi minervali, yaani karo ya watoto, ilipwe, nyingine hazitoki.

Nilianza na pawa saplai, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa ukutani uifae kompyuta. Katika duka moja la katikati ya mji kijana aliniletea boksi jeusi linalong'aa. "Yaya, hii ni wati 500, ona, bameandika hapa." Kweli waliandika, tena kwa herufi kubwa. Nikaligeuza nikasoma kibandiko cha ubavuni, kwenye mstari wa volti 12: amperi 18. Zidisha mwenyewe, 12 mara 18 ni 216. Prosesa na kadi ya picha karibu chakula chao chote wanakitoa kwenye mstari huo, kwa hiyo hizo 500 ni za kupamba boksi. Nilipolipima mkononi lilikuwa jepesi, na ndani kupitia matundu ya feni ungeona nafasi tupu pale ambapo koili na kapasita zingekaa.

Kisha angalia nyuma. Ukiona kaswichi kekundu ka 115 na 230, ujue ni muundo wa zamani. Mtoto akikasukuma kuelekea 115 na ukutani kuna 220, utasikia mlio mmoja na harufu, basi. Hata kakiwa upande sahihi, jioni umeme wa mtaani kwetu hushuka hadi 160, na kitu cha namna hiyo kinazima katikati ya mchezo. Nilichotaka mimi kiliandikwa 100-240V, bila swichi yoyote, na kwenye volti 12 kilikuwa na amperi 45. Wati 550 za ukweli, dola 65. Kijana alicheka: pesa yote hiyo kwa kitu kisichoongeza hata fremu moja, hata picha moja kwa sekunde! Hakukosea. Ila mimi ndiye ninayeletewa maiti.

Jambo moja kwa wenye inveta, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Pawa saplai nzuri za aina hii hazipendi inveta ya bei rahisi inayotoa umeme wenye wimbi la mraba. Zinaunguruma, na mzigo ukipanda zinaweza kujizima. Tafuta inveta ya wimbi laini, hata kama ni ndogo.

Sasa kadi. Mezani zilikuwa tatu, zote zimetumika.

RX 580 ya GB 8 ilikuwa dola 90, na kila mtu ataniuliza kwa nini niliiacha. Kadi hizo zilichimba Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, miaka mingi, usiku na mchana, na Septemba 2022 Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, zikamwagwa sokoni kwa wingi. Ya kwanza niliyoonyeshwa feni yake ilikuwa inayumba, na mafuta yamevuja kutoka kwenye pedi za joto hadi kwenye bodi. Isitoshe, ziko za aina mbili chini ya jina lilelile: yenye viini 2304 vya kukokotoa, ambayo ndiyo halisi, na iliyopunguzwa hadi 2048. Boksi halikwambii, mpaka uiwashe na kuisoma kwa programu. Na hata iliyo nzima inakula wati 185.

RTX 3060 ya GB 12 ni tamu, sibishi. Lakini kwa dola 230 na wati 170 ingenimalizia bajeti, na betri pia.

Nikachukua RX 6600, dola 190. Ni ya 2021, ina GB 8, inakula wati 132, waya mmoja wa pini 8 unatosha. Kwa skrini yangu ya 1080 inaipita RX 580 kwa mbali. Madabodi yangu ni ya PCIe 3.0, toleo la zamani la njia za data kati ya kadi na bodi, na kadi hii inatumia njia nane tu, kwa hiyo inapoteza kidogo, kidogo sana. Mtu akikuletea RX 6500 XT akisema ni ndugu yake, mkatalie kwa upole: hiyo ina njia nne na GB 4, na kwenye bodi ya zamani kama yangu inaumia kweli.

Hizo wati ninazozihesabu kama mchoyo zina sababu. Betri ya volti 12, amperi-saa 100, ina wati-saa 1200, na ya risasi usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu. Zinabaki 600. Kompyuta, skrini na hasara ya inveta vinafika kama wati 300 mchezo ukikolea. Ni saa mbili, nazo kwa betri mpya. Nikifunga fremu kwenye 60, kadi inapumua na muda unarefuka.

Kulipa nako ni shughuli. Muuzaji aliinua kila noti juani, na ishirini yangu moja aliirudisha kwa sababu pembeni ilikuwa imechanika kidogo kama ukucha. Nani asiyejua, dola iliyochanika hapa kwetu ni karatasi tu.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Kijiti cha pili cha RAM cha GB 8, dola 25, cha kasi ileile, ili viwili vifanye kazi sambamba. SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 500, dola 45. Dola 25 za mwisho alizichukua mtu aliyebeba mzigo kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Shaba yetu inatoka kwa mpaka huo kwa malori, inaturudia kwa mpaka huohuo ikiwa bomba jembamba ndani ya kipoza joto cha kadi, nasi tunailipia usafiri.

Prosesa sijaigusa. Tundu lake kwenye madabodi, la AM4, linapokea hata Ryzen 5 5600 ya 2022, nayo ni ya wati 65 kama hii niliyonayo, basi itasubiri minervali ipite. Ila BIOS ya B450, ile programu inayoiamsha madabodi, lazima isasishwe kwanza, wakati 2600 bado iko kwenye tundu lake, na umeme ukikatika katikati ya kusasisha, madabodi inaweza isiamke tena. Nitaifanya Jumapili asubuhi, mashine ikiwa kwenye inveta na betri imejaa, na mdogo wangu nimeshamwambia siku hiyo asichomeke pasi.