Nilivyonunua kifaa cha GPS mara mbili ili nipate ramani mpya mara moja

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu gari haukutoka kwa fundi wala kwa dalali, bali kwa shemeji yangu, mtu mwema, msomi, na mwenye uhakika wa kila jambo. Nilimweleza kwamba natafuta kifaa cha kuongozea njia, kile kinachonatishwa kwenye kioo cha mbele, na kwamba hofu yangu kubwa ni kuuziwa chenye ramani zilizopitwa na wakati. Akacheka. "Shemeji, ramani inatoka kwenye setilaiti. Barabara ikiwekwa lami leo, setilaiti inaiona leo. Nunua chochote, hata kilichotumika." Maneno hayo yalinigharimu kifaa kizima, jioni mbili mbele ya kompyuta, na sehemu fulani ya heshima yangu ndani ya gari langu mwenyewe.

Kwanza nijibu swali ambalo kila mtu huniuliza, yaani kwa nini situmii simu. Simu ninayo na nimeitumia kwa miaka. Lakini ni simu hiyohiyo inayoita mara tu tunapokaribia njia panda yenye matawi matano, ni hiyohiyo iliyowahi kupata moto juani hadi ikajizima, na nikisahau kupakua ramani kabla ya kuondoka, mtandao ukipotea nami nimepotea. Nilitaka kitu chenye kazi moja tu. Anayeridhika na simu yake na aendelee nayo, sina ugomvi naye.

Kifaa cha kwanza nilikinunua kwa mtu aliyekuwa amekitumia, kwa bei iliyokuwa kama robo ya bei ya kipya. Boksi lake lilikuwa zuri kuliko chenyewe, na juu yake palikuwa na maandishi makubwa ya kuahidi ramani za maisha. Sikuuliza ni maisha ya nani. Nilikiwasha nje ya nyumba, kikatafuta setilaiti kwa muda ambao ningeweza kunywa chai na kuosha kikombe, kisha kikanionyesha tarehe ya karibu miaka ishirini iliyopita.

Nilidhani kimeharibika. Baadaye nilijifunza kwamba mfumo wa GPS huhesabu wiki, na katika ujumbe wake wa asili hesabu hiyo huishia wiki 1,024 kisha huanza tena kwenye sifuri. Iliwahi kuanza upya mwezi Agosti 1999, na ikaanza tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu zake hazikurekebishwa vilirudi nyuma miaka 19 na ushei, bila kujua kwamba vimerudi. Kwa hiyo tarehe ile haikuwa kasoro ndogo ya saa. Ilikuwa barua ya wazi iliyosema kwamba kifaa hiki hakijaguswa na mtu wa kukihudumia kwa muda mrefu, na ningejua kuisoma siku ile, ningekirudisha kabla mwenyewe hajazihesabu fedha zake mara ya pili.

Sikujua kuisoma, na wikiendi iliyofuata tukaondoka nacho. Mwanzoni kilikwenda vizuri, kwa kuwa barabara kuu za zamani hazihami. Kisha tukaingia kwenye barabara ya mchepuko, iliyojengwa ili magari ya safari ndefu yasipite katikati ya mji, pana, yenye njia mbili kila upande, ambayo ilikuwa imetumika kwa miaka kadhaa. Kwenye kioo cha kifaa, mshale wetu ulitoka barabarani, ukavuka uzio wa mtu, na ukaanza kuelea kwenye weupe mtupu kama mtumbwi uliokatika kamba. Sauti ikasema nigeuze gari mahali panapofaa. Nikaendelea. Ikasema tena. Iliposema mara ya sita, kwa upole uleule wa mara ya kwanza, nilianza kuamini kwamba labda mimi ndiye nimekosea, nikatoka kwenye barabara nzuri na kushika ile iliyochorwa kwenye ramani.

Ramani haikudanganya kwamba barabara hiyo ilikuwapo. Ilikuwapo, hadi mahali ambapo wajenzi wa mchepuko waliikata na kuizibia tuta la udongo lenye urefu wa mtu mzima, nyasi zikiwa zimeota juu yake. Nilisimamisha gari mbele ya tuta. Juu yetu, kwenye barabara ileile tuliyoiacha, malori yalikuwa yakipita bila shida yoyote. Kifaa kikatangaza kwamba niendelee moja kwa moja kwa kilomita tatu. Mke wangu, ambaye alikuwa amekaa kimya kwa heshima tangu mshale ulipoanza kuelea, aliuliza polepole kama huyo mama aliyemo ndani anajua kwamba tupo hapa.

Jibu sahihi, ambalo sikuwa nalo wakati ule, ni kwamba alijua vizuri mno tulipo. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na kinachotoka kwao ni wakati sahihi kabisa pamoja na taarifa za mahali kila setilaiti ilipo. Kifaa hupokea ishara za setilaiti nne au zaidi, hupima tofauti za wakati, na kwa hesabu hiyo hujua kiliposimama, kwa kawaida kwa kukosea mita chache tu. Hakuna setilaiti hata moja kati ya hizo inayojua lami ni nini. Barabara zote zimo kwenye kumbukumbu ya kifaa chenyewe, zimechorwa na kampuni za ramani zinazotuma magari yenye kamera na kukusanya taarifa za ujenzi, na zikishawekwa humo hukaa kama zilivyo hadi mwenye kifaa azibadilishe. Nilimweleza shemeji haya yote. Alinisikiliza kwa subira, kisha akasema kwamba hizo zitakuwa setilaiti za zamani.

Niliazimia kukihuisha kifaa changu, na hapa ndipo jioni mbili zilipokwenda. Jioni ya kwanza yote nilikuwa nikigombana na kompyuta iliyokataa kukitambua, nikafuta programu na kuisakinisha upya mara tatu, nikabadilisha matundu, nikaizima na kuiwasha, nikaomba radhi kwa maneno niliyoyasema, na mwisho nikagundua kwamba waya nilioutumia ulikuwa wa kuchajia tu, usio na nyuzi za kupitisha data ndani yake. Kwa nje hauna tofauti na mwingine. Jioni ya pili, kwa waya wa kweli, kompyuta ilikitambua kifaa mara moja, programu ikazunguka kidogo, ikanijulisha kwamba hakuna ramani mpya kwa aina hii ya kifaa. Ndipo nilipoyasoma maandishi madogo: maisha yaliyoahidiwa kwenye boksi ni maisha ya kifaa kwa jinsi mtengenezaji anavyoyahesabu, na yanakwisha pale anapoacha kukihudumia au pale ramani mpya zinapokuwa kubwa kuliko nafasi iliyomo. Kifaa changu kilikuwa na gigabaiti 2 tu. Kwa hesabu ya mtengenezaji, nilikuwa nimenunua marehemu.

Kuna njia ya pembeni, na nisiseme kwamba sikuijaribu. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, una ramani za dunia nzima zinazochorwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure, na wapo wanaozigeuza ziweze kusomwa na vifaa vya kampuni ya Garmin. Unaliweka faili kwenye kadi ya memori, unaichomeka, na barabara zinatokea. Mwenye kifaa cha aina hiyo ambacho kimezeeka asikitupe kabla ya kujaribu, na atumie kadi ndogo, ya gigabaiti 32 au chini yake, kwa sababu vifaa vingi vya zamani havisomi kadi kubwa. Changu hakikuwa cha aina hiyo, na hakikuwa hata na tundu la kadi.

Kwa hiyo nikaenda dukani, safari hii nikiwa na karatasi mfukoni. Juu yake nilikuwa nimeandika mitihani mitatu: mchepuko wetu wa aibu, kipilefti kilichojengwa mahali pa njia panda yenye taa, kiasi cha miaka miwili nyuma, na mtaa mmoja ninaoufahamu uliokuwa umegeuzwa kuwa wa mwelekeo mmoja miezi michache tu kabla ya siku hiyo. Nilichagua mambo ya umri tofauti kwa makusudi, ili kila kifaa kinieleze chenyewe elimu yake iliishia wapi.

Muuzaji alinionyesha mwaka uliochapishwa kwenye boksi. Nikamwambia kwamba mwaka huo ni wa boksi, na kwamba naomba tukiwashe. Akasema haiwezekani kukijaribu ndani ya duka kwa kuwa hakipati setilaiti chini ya paa lile. Hapo ndipo nilipotoa ujanja wangu, ambao najivunia kuliko ninavyostahili. Vifaa vingi vya namna hii vina sehemu ya kuigiza safari: unakipa mahali pa kuanzia kwa mkono, unakipa mwisho wa safari, na mshale unaendesha wenyewe njia nzima bila setilaiti hata moja, kwa kutumia ramani iliyomo. Tuliweka mwanzo wa mchepuko na mwisho wake. Kifaa cha kwanza kilipita mjini kwa njia ya zamani, nikakifunga na kukirudisha. Cha pili kiliujua mchepuko lakini kikasimama kwenye taa ambazo hazipo tena. Cha tatu, cha bei ya juu kuliko vyote, kiliujua mchepuko na kipilefti, kikakosea mtaa wa mwelekeo mmoja. Kufikia wakati huo muuzaji alikuwa ameacha kununa. Alikuwa ameshika cha nne na kutafuta mtaa wa nyumbani kwake, na alipoukosa alikitazama kama mtu aliyetukanwa.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba nilinunua kile cha pili, kilichofeli mitihani miwili. Sababu ni kwamba, nikiwa bado pale, nilifungua mipangilio na kusoma sehemu inayoeleza toleo la ramani, nikaona kwamba lilikuwa la karibu miaka mitatu nyuma, jambo linaloeleweka kwa kitu kilichokaa rafuni. Kisha nikaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa simu (ndiyo, ileile simu) na kuandika jina kamili la kifaa pamoja na namba zake zote, nikakikuta kwenye orodha ya vinavyopewa ramani mpya mara kadhaa kwa mwaka bila malipo. Kilikuwa na gigabaiti 16, kina tundu la kadi, na kinapokea ramani kwa Wi-Fi bila kuhitaji kompyuta. Cha tatu kilikuwa na ramani mpya zaidi siku ile, lakini ramani zake za baadaye zilikuwa za kulipia kila mwaka. Ningelipia ujuzi wa miezi michache kwa bei ambayo ingenunua karibu vifaa viwili.

Kuhuisha kulichukua usiku mzima. Nilikiacha kwenye umeme, karibu na kisambaza Wi-Fi, na nilikataza mtu yeyote kukigusa, kwa maana ramani ikikatika katikati kifaa kinaweza kubaki hakina ya zamani wala mpya. Nilikuwa nimeondoa kwanza maeneo ya mbali ambayo sina mpango wa kuyaendesha, na hilo lilipunguza mzigo sana. Asubuhi nilirudia mitihani yote mitatu mezani, na kikafaulu yote.

Kulikuwa na jambo moja dogo zaidi. Kwenye gari la ndugu yangu kifaa hichohicho kilipoteza setilaiti kila mara, hadi tulipogundua kwamba kioo chake cha mbele kina tabaka jembamba la metali la kuzuia joto. Tulikisogeza karibu na kioo cha kutazamia nyuma, mahali ambapo tabaka hilo lilikuwa limeachwa wazi, kikatulia. Anayevuka mipaka naye akague onyo la kamera za mwendo linalotolewa na kifaa chake, kwa sababu zipo nchi, kama Ujerumani na Uswisi, zinazomkataza dereva kulitumia akiwa barabarani.

Tulipoupita mchepuko tena, sauti ilisema tu kwamba tuendelee mbele kwa kilomita kumi na moja. Mke wangu alitazama upande wa lile tuta, akasema, "Leo amesoma." Si kwamba kinajua kila kitu, mwezi uliopita kilitaka nipite kwenye daraja lililofungwa wiki hiyohiyo, na nikalisoma bango la barabarani kama watu wa kale.

Kile cha kwanza alikichukua shemeji, bure, akisema sikukipa muda wa kutosha. Amekibandika kwenye gari lake, kinaonyesha tarehe ya ujana wake, na bado anasubiri mchepuko ujichore. Mara ya mwisho nilipomuuliza, alisema mawingu yamekuwa mengi mwaka huu.