Kumbukumbu ya mradi wangu: kiti cha sentimita 43 kimekubali

Leo alasiri, uani kwetu Tandika, shangazi ameinuka mara tano mfululizo kutoka kwenye kiti chenye kimo cha sentimita 43, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, ndani ya sekunde 14. Wenzangu mnaofanya mazoezi na wazee mnakijua kipimo hiki: mwafaka wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 unahesabu muda unaozidi sekunde 15 kuwa dalili ya upungufu wa nguvu za misuli. Furaha yangu ni kubwa, kwa sababu sentimita chache za mwisho zilitutesa kuliko kazi yote iliyotangulia.

Shangazi ana miaka 71 na kila Jumamosi hutembea na klabu ya jogging ya mtaani. Hata hivyo, kutembea huko hakukumzuia kufikia mahali pa kuswali akiwa amekaa, kwa kuwa umri unapokwenda, nyuzi za misuli zinazotoa nguvu za haraka ndizo zinazonywea zaidi, na mwendo wa kawaida hauzishughulishi vya kutosha. Zinataka mzigo, tena mzigo unaopanda. Mtafiti Maria Fiatarone na wenzake walilionyesha hilo huko Boston mwaka 1990: wazee dhaifu wa miaka 90 hivi walifanya mazoezi ya miguu kwa wiki 8, mzigo ukipandishwa hadi asilimia 80 ya uwezo wao wa juu, na nguvu zao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Tulianza na viti vya plastiki vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine, kwani kadiri kikalio kinavyokuwa juu ndivyo mapaja na nyonga zinavyopata nafuu. Vitatu vilimshinda siku chache tu, viwili akavimudu, lakini kimoja kiligoma kabisa. Alikuwa akifika nusu ya safari, magoti yanaegemeana, kisha anarudi chini. Nilimrudisha nyayo nyuma ya usawa wa magoti na kumwinamisha kifua mbele. Nafuu ikawa ndogo. Tukaongeza dagaa na maharage katika mlo, jambo ambalo ni jema kwa misuli ya mzee, lakini kiti hakikujali. Jioni nyingine nililala na hasira, kwa sababu nilimwona akijitahidi kwa moyo wote na bado anabaki palepale.

Jibu lilikuja nilipochukua futi. Kuondoa kiti kimoja kulimshusha karibu sentimita 5 kwa mkupuo mmoja, na zaidi ya hapo miguu ya plastiki ilikuwa inatanuka kila alipoegemea. Nilikwenda Keko, fundi seremala akanitengenezea stuli imara yenye vibao vya sentimita moja moja vinavyowekwa na kuondolewa. Sambamba na hilo, nilimwagiza ashuke polepole kwa hesabu ya tano hadi kwenye kimo ambacho hakuweza kuinuka, kisha ajisaidie kwa mikono wakati wa kupanda, kwa sababu misuli inayorefuka huku imebeba mzigo huhimili uzito mkubwa zaidi kuliko inapofupika. Tangu hapo vibao vilianza kuondoka.

“Shikamoo shangazi. Leo tukiache kibao cha mwisho au tukitoe?”

“Marahaba. Kitoe, mwanangu.”

Kuhusu vifaa, sina tena hamu na vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo, maana kutoka kopo dogo hadi kubwa ni mruko usiomfaa mzee. Vipande vya tyubu ni rahisi kupatikana, ila huwezi kujua vinavuta kwa kilo ngapi. Ninaupenda mkoba wa mgongoni wenye vifuko vya mchanga vilivyopimwa dukani, kwa kuwa nusu kilo huongezwa bila mtu kushtuka.

Nilikuwa nimepanga kuanza kupima nguvu za kushika, ambazo kwa mwafaka uleule hazipaswi kuwa chini ya kilo 16 kwa mwanamke na 27 kwa mwanamume. Mpango huo nimeusogeza mbele. Leo nimeona kwamba shangazi anainuka vizuri lakini taratibu, na uwezo wa kutoa nguvu kwa kasi hupotea mapema kuliko nguvu zenyewe. Mguu unapojikwaa kwenye ngazi ya daladala, kasi hiyo ndiyo inayomwokoa mtu. Kwa hiyo Jumatatu tunarudisha vibao viwili, anashuka kwa hesabu ya tatu, anapanda kwa kasi yote aliyonayo, na ukuta unakuwa karibu nyuma yake.