Nilivyokatika kidole kazini nikabaki na kazi yangu

Siku ya kumi na moja tangu niumie niliitwa ofisini kwa HR, yaani afisa utumishi. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko, nikakuta karatasi imeshachapwa, jina langu lipo juu, na pembeni pedi ya wino wa bluu imefunguliwa kabisa. Akaniambia kwa upole, kaka pole sana, najua kalamu huwezi kushika, we weka tu dole gumba la kushoto hapa chini tumalize, hela yako ya kujikimu unaondoka nayo leo leo. Hela yenyewe mshahara wa miezi miwili. Nikaanza kusoma, imeandikwa mimi naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kutokana na sababu za kiafya na sitaidai kampuni chochote.

Kwakweli nilikaribia kuweka dole. Nyumbani mke ana mimba ya miezi sita, kodi inaisha mwisho wa mwezi, na mimi kichwani nilishajihukumu kwamba kosa ni langu.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa Agosti 2022, shifti ya usiku, kiwanda cha mabomba ya plastiki hapa Dar. Mi nilikuwa opereta wa krasha, ile mashine inayosaga mabomba mabovu yarudi kuyeyushwa upya. Gadi, yaani kinga ya mdomo wa mashine, ilikuwa imetolewa wiki kadhaa kabla kwa sababu bolti zake zilikatika, tukaambiwa fundi atakuja, hakuja. Saa tisa usiku kipande kikakwama, nikazima swichi nikaingiza mkono kukivuta, kumbe visu bado vinajizungusha vyenyewe. Sikusikia maumivu pale pale, nilisikia kama mtu kanivuta glavu. Kidole cha shahada kilikatwa hospitali kwenye kiungo cha pili, cha kati kikapona lakini hakikunji vizuri mpaka leo.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, na ndio sababu kubwa ya mimi kuandika, ni kilichotokea njiani kwenda hospitali. Supavaiza alikaa na mimi nyuma ya gari ananishikia mkono, akaniambia mdogo wangu ukifika pale sema umeumia nyumbani, tutumie bima ya kawaida mambo yaende haraka, ukisema kazini utazungushwa na makaratasi. Mtu unavuja damu, unataka sindano tu, nikaitikia. Pale mapokezi aliongea yeye na cheti kikaandikwa nimeumia nyumbani na msumeno. Neno nyumbani kwenye karatasi ya daktari! Lile neno lilinigharimu wiki tatu za kuzunguka.

Alieniokoa siku ile ya pedi ya wino ni mama mmoja wa idara ya pakingi. Aliniona naingia ofisini, na nilipotoka kidogo nikasema naenda kunywa maji nitulize kichwa, akanifuata bombani akaniuliza wamekupa karatasi? Nikamwambia ndio mama. Akasema mwanangu usiweke dole kwenye kitu ukiwa na maumivu, waombe uende nayo nyumbani ukasomewe, wakikunyima ujue ina ubaya. Nikarudi nikasema hivohivo, naomba nikamwonyeshe kaka yangu mkubwa kwanza. HR uso ukabadilika, akasema ofa ni ya leo tu. Nikasema sawa basi, nikatoka bila kusaini na bila hela, na usiku huo sikulala.

Kesho yake yule mama akanipeleka kwa mzee wa chama cha wafanyakazi tawini kwetu. Shikamoo mzee, marahaba, kaa, nionyeshe mkono. Hakuangalia mkono sana, aliangalia cheti. Akasema hapa ndipo wamekufunga, tuanzie hapa.

Alinifafanulia vitu ambavyo miaka minne yote niko kazini nilikuwa sivijui. Kwanza kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015, na mchango wake analipa mwajiri peke yake, haruhusiwi kukukata wewe hata shilingi. Ukiumia ukiwa kazini mfuko unagharamia matibabu, na kama daktari kakupumzisha unalipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Na hapo mfuko hautafuti kwanza nani mzembe kati yako na bosi. Yani lile jambo lililokuwa linanitafuna, kwamba mkono niliingiza mwenyewe, halikunifutia haki yangu. Nilivyosikia hilo nililia mbele ya mzee, sioni aibu kulisema.

Pili, wewe unatakiwa kutoa taarifa kwa mwajiri mapema, na mwajiri akishajua ana siku saba kuuarifu Mfuko. Sisi tulikuwa siku ya kumi na mbili na hakuna kilichopelekwa. Ila dai lenyewe lina miezi 12 tangu ajali, kwahiyo mlango ulikuwa wazi bado.

Basi tukaandika barua. Mzee anasema mi nilalamike kwa mdomo, binti wa dada yangu aandike, nisaini kwa mkono wa kushoto. Tarehe, saa, mashine gani, gadi ilikuwa haipo, waliokuwepo zamu ile. Nakala mbili, moja ikabaki kwa sekretari, ya pili akaigonga muhuri wa kupokelewa, hiyo ndio nikalala nayo chini ya mto. Muhuri wa kupokelewa msiudharau jamani, baadae kwenye kikao HR alisema hawakuwahi kupata taarifa yangu nikaitoa karatasi ikamalizika hapo.

Hospitali ndio palikuwa pagumu. Daktari alienitibu usiku ule alikuwa zamu nyingine, nimeenda mara nne. Mara ya nne nikaenda na wenzangu wawili wa shifti na picha aliyopiga mmoja kwa simu usiku uleule, mashine ina damu na saa ya ukutani inaonekana. Daktari akaangalia jeraha, akasema msumeno haukati hivi, akaandika ripoti mpya kwamba ni ajali ya mashine kazini, akasaini, akaongeza na ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya wiki nane. Ile ripoti nikaibeba na mkataba, salari slipu za miezi mitatu na kitambulisho mpaka ofisi za Mfuko mwenyewe. Walinipokea vizuri, wakafungua faili, na wao ndio wakamwandikia mwajiri awasilishe fomu zake. Alizileta ndani ya wiki.

Kuhusu mshahara wakati umelala nyumbani niseme kifupi maana huwa kuna kuchanganya. Sheria ya ajira ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Lakini kama siku hizohizo unalipwa na Mfuko basi mwajiri halazimiki kukulipa tena juu yake. Mi malipo ya Mfuko yalichelewa kuingia, nikaishi kwa mkopo wa vikoba vya mke wangu.

ED ilipoisha nikarudi kazini mkono haujapata nguvu, nikapewa barua ya pili, hii inasema kampuni haina kazi inayofaa hali yangu. Hapa mzee alikuwa mkali. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri kabla hajakuachisha kwa kuumia achunguze ulemavu ni wa kudumu au wa muda, aongee na wewe, atafute kama kuna kazi nyingine unayoiweza au ya kwako irekebishwe, na kama umeumia kazini kwake ndio anatakiwa ajitahidi zaidi. Akanikumbusha pia kama wakiniachisha kweli nina siku 30 tu za kufungua shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, nisije nikakaa nyumbani nalia siku zinapita.

Nikajibu kwa barua. Sikubishana hata kidogo, nilitaja kazi tatu za palepale kiwandani ninazoziweza kwa mkono huu: kupokea malighafi stoo, kuhesabu mabomba yanayotoka, kukaa kwenye mzani getini. Nikaambatanisha ripoti ya daktari inayosema nisinyanyue vizito miezi sita. Kikao kikakaa, mi, mzee, HR na meneja uzalishaji. Meneja ndio akasema stoo kuna nafasi tangu Juni na huyu anazijua malighafi zote, mnatafuta nini nje? Dakika arobaini tukawa tumemaliza. Mshahara uleule, barua ya kuhamishwa idara nikaisoma yote kabla sijasaini, kwa kushoto.

Tathmini ya ulemavu ilifanyika nilipopona kabisa. Ukiwa hadi asilimia 30 unalipwa mkupuo mara moja, ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Mi nilikuwa chini ya 30, mkupuo ukaingia benki mtoto ana miezi saba, nikalipa vikoba na kodi ya mwaka. Kidole hakirudi, na asubuhi za baridi kile kipande kilichobaki kinauma kama kipo chote.

Krasha sasa hivi ina gadi mpya. Januari iliyofuata kijana mmoja deiwaka aliungua mkono kwenye mashine ya kuyeyushia, nikaomba ruhusa stoo nikapanda nae gari, na pale mapokezi nilisimama dirishani nikamwangalia yule dada anavyoandika mpaka nikaliona neno kazini.