Zile namba 6 za WhatsApp usimtumie mtu

Vijana ninaowafundisha wanahariri video kwa simu mpaka unashangaa, ila paswedi ni ileile kila mahali, imeili, Instagram, kila kitu. Ikivuja sehemu moja tu matapeli wanaijaribu kwenye akaunti zako zote, tena programu ndo inawafanyia hiyo kazi.

Halafu kuna hii ya WhatsApp, rafiki yako anakuandikia "samahani nimekutumia namba 6 kwa bahati mbaya, nirushie", jamani usimtumie!! Huyo sio rafiki yako, akaunti yake ishaibiwa na sasa wanataka yako, hizo namba ndo zinasajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Mi huwa nakaa na kijana tunafungua setingi, yeye ndo anabonyeza sio mimi, anawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani WhatsApp inadai na pini juu ya zile namba 6, na kuweka pini yake mwenyewe.

Na wazazi, mtoto akitishiwa kwa picha zake msianze kumgombeza, akigombezwa siku nyingine hasemi, na anayemtishia anautegemea huohuo ukimya. Asilipe, asifute meseji, apige skrinshoti, amripoti na kumbloki, na aje aseme hata kama ni saa nane usiku.