Jasho si dalili kwamba misuli imepata moto

Pita bustani ya Mama Ngina asubuhi au ufuo wa Pirates jioni ya Jumapili, hapa Mombasa, utawaona wanaokuja kunyoosha misuli: mtu anashuka kwenye tuktuk, anafunga kamba za viatu, kisha anainama papo hapo kugusa vidole vya miguu, akijirusharusha ili mikono ifike chini. Anatokwa na jasho, basi anadhani mwili uko tayari. Jasho la Mombasa ni la ngozi kujipoza. Misuli iliyolala usiku kucha, au iliyokaa kwenye kiti cha duka kutwa, bado imekaza. Tembea upesi dakika 5 hadi 10 kwanza, mpaka pumzi ibadilike kidogo, ndipo unyooshe misuli.

Kule kujirusha nako kuacheni kabisa. Msuli ukivutwa kwa ghafla hujikaza wenyewe ili usichanike, kwa hiyo unashindana na mwili wako. Isitoshe, wengi wanaoinama hivyo huwa wamepinda mgongo, si nyonga. Vidole vinafikiwa, lakini kilichovutika zaidi ni kiuno, na paja limebaki vilevile. Hatari huzidi unapotoka tu kitandani, kwa sababu diski za uti wa mgongo, yaani vile vimto vilivyo kati ya pingili, hufyonza maji usiku na kujaa. Kuinama sana kuache mpaka upite muda wa saa moja hivi tangu kuamka.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, mimi napendekeza leso, yaani kanga. Ya pamba, maana zile laini za nailoni huteleza. Ikunje kwa urefu mpaka ibaki upana wa vidole vinne. Lala chali juu ya mkeka, goti moja likunjwe na wayo ukanyage sakafu. Pitisha leso katikati ya wayo wa mguu wa pili, uinue mguu huo polepole. Goti likipinda kidogo si vibaya. Kinachotakiwa ni kiuno kisibanduke sakafuni. Komea pale unapohisi mvuto katikati ya paja, shikilia sekunde 30, shusha, rudia mara moja tu, kisha badilisha mguu. Uweze kuzungumza kawaida muda wote huo. Ukiona unabana pumzi, umezidisha.

Angalieni sana mahali mvuto unapotokea. Ukiusikia nyuma ya goti, kunja goti zaidi. Ukisikia ganzi au mchomo unaoshuka hadi unyayoni, huo ni mshipa wa fahamu unaovutwa, si msuli. Shusha mguu mara moja. Mwili ukishazoea, sukuma mguu dhidi ya leso kwa nguvu kidogo sekunde 5 au 6, legeza, halafu vuta tena taratibu. Mara nyingi mguu hupanda zaidi ya pale ulipoishia.

Mashavu ya miguu yanyooshwe ukiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini na vidole vikielekea mbele. Sekunde 30 goti likiwa limenyooka, 30 nyingine likiwa limekunjwa, kwa kuwa kuna misuli miwili pale na wa ndani haufikiwi vizuri mpaka ukunje goti.

Madereva na wauza duka wa soko la Marikiti, kwa kukaa kutwa, hukazika misuli ya mbele ya nyonga. Piga goti moja juu ya mkeka uliokunjwa, kaza tako la upande huo, kisha sogea mbele kidogo tu. Ukibinua kiuno ili ufike mbali, unajiumiza mgongo bure.

Ufukweni, tafuta mahali tambarare. Mchanga wa karibu na maji una mteremko, na mguu mmoja ukiwa chini ya mwenzake nyonga huinama upande.

Wachezaji mpira, kabla ya mechi msishikilie mvuto zaidi ya dakika moja kwa kila msuli. Hupunguza nguvu ya kukimbia na kuruka. Bembeeni miguu, inueni magoti mara 10 kila upande, na kushikilia kuwe baada ya mechi.

Fanya angalau siku 2 au 3 kwa wiki, ukitarajia mabadiliko baada ya wiki kadhaa. Msuli uliochanika juzi usinyooshwe. Wajawazito wasivute hadi mwisho, kwani viungo vyao vimelegea. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu, aliyefanyiwa upasuaji, au mwenye maumivu yanayotoka kiunoni kushuka chini ya goti, amwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.